Mjomba, mbona halii? Niliyoongea kuhusu katuni zetu kugeuzwa muvi za kweli

Habari za jioni jamani. Asanteni kwa kunialika, na nyie mliosimama kule nyuma kuna viti viwili vitatu hapa mbele vimebaki, sogeeni tu. Nimeombwa niongee kuhusu katuni za utotoni zinazogeuzwa kuwa filamu za watu halisi, hizi zinazoitwa laivu aksheni, na mimi kazi yangu ni kuchora, nimechora katuni kwa miaka mingi sasa, kwa hiyo leo mtanisikia naongea sana kuhusu nyusi. Subirini mtaona nyusi zinaingiaje.

Naanza na kaka yangu. Nyumbani tulikuwa na mkanda mmoja wa The Lion King, ile katuni ya simba ya 1994, na deki ambayo kila baada ya muda inautafuna mkanda mpaka uutoe kwa vidole taratibu, na kaka ambaye ananizidi miaka sita ndo alikuwa mshika rimoti. Sasa kila tukifika pale korongoni, nyumbu wanaanza kushuka, kaka anabonyeza, mkanda unaenda mbele fasta fasta, mistari myeupe inapita kwenye skrini, anakuja kuuachia Simba yuko jangwani kalala tai wamemzunguka. Mi nilikuwa na miaka mitano. Nikiuliza Mufasa, baba yake Simba, yuko wapi ananijibu kasafiri. Kwa hiyo kwangu mimi Mufasa alisafiri, miaka yote ile alisafiri, na pale anapotokea mawinguni kuongea na mwanae nilikuwa naona sawa kabisa, anaongea kutoka huko alikoenda.

Ile sehemu ambayo Mufasa anakufa nilikuja kuiona nina miaka tisa, kaka hayupo, niko peke yangu sebuleni na sikubonyeza kitu. Mtoto anamsukuma baba yake kwa kichwa, anamvuta sikio, anakimbia kuita msaada na hakuna anayekuja, anarudi, anajipenyeza chini ya mguu wa mbele wa baba yake analala pale kama vile ndo wanataka kulala usiku. Nililia mpaka nikapata kwikwi. Nilimlilia Mufasa, ila kuna kitu kingine pia kiliniingia siku ile, nilielewa kaka yangu alikuwa anafanya nini miaka yote na ile rimoti.

Ndo maana nikisikia mtu anasema aah hizo si katuni tu, mnazilalamikia nini, huwa nashindwa hata pa kuanzia.

Haya, 2019 ikatoka mpya. Dairekta ni Jon Favreau, yule yule aliyetoa The Jungle Book 2016, na James Earl Jones karudi kuwa sauti ya Mufasa vile vile kama miaka 25 nyuma, hilo peke yake lilitosha kunitoa nyumbani. Tukaenda mimi, binti yangu alikuwa na miaka sita, na kaka, yaani mjomba wake. Binti alikuwa ameshaiangalia ya zamani si chini ya mara kumi. Na picha ni nzuri jamani, tusiongope, unaona unywele mmoja mmoja kwenye shingo ya simba unavyopeperuka, vumbi likipita kwenye mwanga wa jua, sijawahi kuona kitu kama kile. Tukafika korongoni. Kaka bila hata kufikiri, mkono wenyewe tu, akamziba mwanangu macho. Mtoto akautoa ule mkono. Akaangalia. Akaangalia tena, alafu akamgeukia akamuuliza kwa sauti ambayo safu nzima ilisikia, "Mjomba, mbona halii?"

Hilo swali nimekaa nalo mpaka leo, na ndo nimekuja nalo hapa.

Kwa sababu sauti ilikuwa inalia. Mtoto wa simba anaita baba, baba, sauti inakatika, muziki wa Hans Zimmer unavuta kila kitu kilichomo ndani yako, lakini uso wa yule mtoto wa simba ni uso wa simba kweli, kama wale wa kwenye vipindi vya wanyama, umetulia, macho makavu, mdomo unafunguka na kufunga. Binti yangu alisikia kilio akawa anatafuta kinatokea wapi kwenye ule uso, akakikosa. Na kwenye ile ya kuchora alikuwa anakiona kila mara.

Sasa nyusi. Simba wa porini hana nyusi kama za kwetu. Wale wa 1994 wanazo, wamepewa. Mark Henn ndo aliongoza wachoraji wa Simba mdogo, Andreas Deja akaongoza wa Scar, yule simba mbaya, na mkirudi nyumbani naomba mkamwangalie Scar bila kusikiliza anachosema, nyusi moja inapanda, mdomo unavutika upande mmoja, macho yanashuka nusu, na kabla hajatamka neno umeshajua huyu siyo wa kumwachia mtoto. Kile ni kipaji cha mtu na penseli yake. Uso wa mnyama umekopeshwa misuli ya binadamu ili binadamu aliyekaa kwenye kiti aweze kuusoma.

Na hili la kusoma nyuso ni kubwa kuliko filamu. Mwaka huo huo wa 2019 watafiti walichapisha kazi inayolinganisha misuli ya uso ya mbwa wa nyumbani na ya mbwa mwitu, wakakuta mbwa wa kufugwa ana msuli juu ya jicho unaonyanyua nyusi kwa upande wa ndani, ile sura inayokuyeyusha moyo, na mbwa mwitu karibu hana kabisa. Wao wanaona kwamba binadamu kwa maelfu ya miaka tuliyoishi na mbwa tumekuwa tukiwapendelea wale wanaoweza kutufanyia hiyo sura. Fikiria hapo, maelfu ya miaka ili mnyama mmoja apate uwezo wa kuonekana ana huzuni mbele yetu, na mchoraji anampa simba uwezo huo huo kwa mistari miwili juu ya macho kabla ya saa ya kula mchana. Alafu tunakuja kuiondoa, tunasema tumeboresha.

Nisieleweke vibaya, waliofanya ile ya 2019 walijua wanachofanya. Favreau alitaka ionekane kama kipindi cha wanyama wa kweli, kwa hiyo walikataa makusudi kuwawekea wanyama sura za kibinadamu, ulikuwa uamuzi. Na ile kazi ni ya mikono ya watu, hakuna simba aliyevalishwa vitu mwilini akakimbizwa mbele ya kamera, wachoraji walikaa kwenye kompyuta wakamsogeza kila mnyama hatua kwa hatua. Kamera nayo ilikuwa ya ndani ya kompyuta, watu wanavaa yale mamiwani ya uhalisia pepe wanaingia kwenye mbuga ambayo haipo, wanachagua wasimame wapi wapige picha. Kwenye filamu nzima kuna shoti moja tu ambayo ni picha halisi ya dunia hii, ile ya kwanza kabisa, jua linachomoza. Vingine vyote vimetengenezwa. Kwa hiyo hata kuiita laivu aksheni sijui tunaiitaje, na siyo mimi tu niliyechanganyikiwa, Golden Globes waliiweka kushindania tuzo ya katuni, Oscar wakaiweka kwenye tuzo ya mbinu za picha. Ilikuwa katuni ambayo imevaa nguo za documentary.

Na hapo ndo msimamo wangu ulipo, nausema wazi ili mwenye kupinga anipinge vizuri. Katuni haijawahi kuwa rasimu ya filamu. Watu wanaongea kama vile mchoro ulikuwa unasubiri teknolojia ikue ili hatimaye uwe kitu cha kweli, kama mtoto anayesubiri kuwa mtu mzima, na mimi nakataa. Mchoro ulishakuwa mtu mzima. Sekunde moja ya filamu ni fremu 24, na kwenye katuni ya mkono mara nyingi unachora mchoro mmoja kwa kila fremu mbili, yaani 12 kwa sekunde, na mwendo ukiwa wa kasi unachora zote 24. Kila mchoro mtu ameamua jicho liwe wapi, sikio liinuke kiasi gani, mgongo upinde vipi. Hakuna kilichotokea kwa bahati mbele ya kamera, hakuna upepo uliopita tu wenyewe. Frank Thomas na Ollie Johnston, wazee waliochora Disney kwa miongo, waliandika kitabu 1981 wakaeleza kanuni 12 za kazi hii, kuna ya kubonyea na kuvutika, kuna ya mtu kujiandaa kabla ya kuruka, na mojawapo ni ile ambayo kwa lugha yetu ina jina zuri kuliko lugha yoyote ninayoijua, kutia chumvi. Kutia chumvi kwenye mwendo, kwenye sura, kwenye hasira. Katuni bila chumvi haiendi kooni.

Angalia wimbo wa Scar na fisi. 1994 ni gwaride, mwanga wa kijani, mawe yanapanda juu kutoka ardhini na yeye yuko kileleni. 2019 wimbo umekatwa ukawa mfupi, karibu na maongezi, kwa sababu simba wa kweli anatembea tu juu ya jiwe, utampandishaje mlima kwa wimbo bila kuvunja ule uhalisia uliojiwekea mwenyewe? Chumvi ikitoka nyimbo nazo zinapungukiwa pa kusimama. Afu filamu yenyewe ikawa ndefu zaidi, ya zamani ni dakika 88 hii ni karibu saa mbili.

Kuna kingine ambacho sisi tunaozungumza Kiswahili tulikipata kwenye ile filamu kabla ya mtu yeyote duniani na sijaona tukikisema vya kutosha. Sisi majina tuliyaelewa. Mtoto wa kwingine anasikia Simba anadhani ni jina tu la kupendeza, sisi tunajua kwamba simba kaitwa simba. Rafiki ni rafiki. Shenzi, yule fisi, akitajwa tu ulishajua anatokea upande gani. Pumbaa tulimcheka kabla hajafungua mdomo, alafu ukikua unakuja kugundua kwamba neno lenyewe lina upole fulani, mtu aliyepumbaa siyo mbaya, ni mtu ambaye akili imesimama kidogo dunia ikampita, na ndivyo alivyo kweli yule ngiri. Na Sarabi, mama yake Simba, sarabi ni mazigazi, yale maji ya uongo unayoyaona mbali kwenye jua kali. Nilikuwa mtu mzima nilipoliona hilo neno kwenye kamusi, nikakaa chini. Mke wa mfalme ambaye mwanae anatoroka na kumwacha kwenye nchi iliyokauka anaitwa mazigazi. Majina hayo yalihamia kwenye filamu mpya salama, hayakuhitaji kompyuta yoyote.

Kwa nini wanazifanya? Hapa sitakaa sana, mnajua. Alice in Wonderland ya Tim Burton 2010 ilipita dola bilioni moja, milango ikafunguka, Beauty and the Beast 2017 ikapita bilioni, na mwaka 2019 peke yake Disney walitoa Dumbo, Aladdin na The Lion King, hii ya mwisho ikaingiza zaidi ya bilioni 1.6. Sisi tuliokuwa watoto wa mkanda sasa ndo wakata tiketi, na tunaenda na watoto, wengine na wajomba. Jina linajulikana, nyimbo zinajulikana, hakuna anayehitaji kuelezwa. Ni biashara na sioni dhambi kwenye biashara, filamu zangu mimi pia nataka zilipiwe.

Ninachouliza ni kitu kingine, kwenye hiyo filamu mpya nani anaigiza? Ukitoa mchoraji aliyekuwa anaigiza kwa penseli, umemweka nani kwenye nafasi yake?

Nawapa mfano wa zamani kidogo. Ile katuni ya mbwa wenye madoa, 101 Dalmatians, ya 1961, mbwa wanaongea kama mimi na nyie. 1996 ikafanywa kwa mbwa wa kweli, na waliofanya wakachukua uamuzi ambao naupenda mpaka kesho, mbwa wasiongee. Kabisa. Mbwa wabaki mbwa, wanabweka, wanakuangalia. Alafu ile chumvi yote iliyotoka kwa mbwa wakampa Glenn Close akaibeba yeye kama Cruella, manywele nusu meusi nusu meupe, makucha, sigara, kicheko, yule mama alikuwa anaigiza kama aliyechorwa. Yaani walijua kwamba kitu kikitoka hapa lazima kiingie pale. Filamu yenyewe ina mapungufu yake lakini hilo walilipatia.

Aladdin ya 2019 kwangu ilinusurika kwa sababu hiyo hiyo. Jini wa 1992 alikuwa Robin Williams, na kuna kisa kizuri pale, mchoraji Eric Goldberg alichukua rekodi za Williams akiwa jukwaani anachekesha akamchora jini akiongea yale maneno ili kumwonyesha itakavyokuwa, Williams akaona, akakubali. Sauti na penseli walikutana hivyo, haiwezekani mtu akarudia. Will Smith hakujaribu kurudia. Alikuja na wake, akaimba kivyake, na sehemu nzuri kabisa ni zile ambazo hana ule mwili wa bluu wa kompyuta, yuko yeye tu na uso wake.

Na How to Train Your Dragon ya 2025 wengi hapa mmeiona. Dean DeBlois ndo aliongoza ile ya katuni 2010 akiwa na Chris Sanders, na yeye mwenyewe akarudi kuongoza hii ya watu. Muziki akarudi John Powell, Gerard Butler aliyekuwa sauti ya baba safari hii akavaa yale mamanyoya akawa baba mwenyewe. Ila kilichonigusa ni lile dragoni. Walilipa ngozi ya kweli, magamba, uzito, linapotua unauhisi uzito, lakini macho wakayaacha makubwa, uso wakauacha karibu na ule uliochorwa. Hawakwenda kutafuta mjusi wa kweli wa kufananisha. Kwa hiyo pale kijana anaponyoosha mkono huku kageuza uso pembeni na dragoni linasita, linasita, alafu linaweka pua kwenye kiganja, unaona limeamua. Wapo wanaosema filamu yenyewe haina jipya, shoti kwa shoti ni ile ile, na wana hoja, hata mimi nilijiuliza kwa nini ipo. Ila uso haukufa.

One Piece, ile ya maharamia ya Kijapani, nao niwataje. Eiichiro Oda alianza kuichora 1997, katuni ikaanza 1999, na ilipofanywa ya watu halisi 2023 yeye mwenyewe alikuwemo ndani kama mtayarishaji na ilitangazwa wazi kwamba haitoki mpaka aridhike. Unaliona hilo kwenye kila kofia na kila meli. Wamejenga meli za kuchekesha, wamevalisha watu nguo ambazo hakuna mtu mzima angetoka nazo, na hawakuomba radhi kwa hilo, wamekubali kwamba dunia ile imechorwa na itabaki na sura ya kuchorwa. Sasa linganisha na Dragonball Evolution ya 2009, nayo ilitoka kwenye katuni ya Kijapani. Aliyeandika ile skripti, Ben Ramsey, 2016 aliwaomba radhi mashabiki hadharani, akakiri kwamba aliingia akifuata malipo makubwa na wala hakuwa shabiki. Mimi namheshimu kwa kusema vile. Ni wachache wanaosema.

Hapa katikati nataka kusimama kwenye Sonic, yule kalunguyeye wa bluu wa kwenye gemu, na hapa naongea na nyie vijana mnaosomea hii kazi.

Mnakumbuka treila ya kwanza, mwisho wa Aprili 2019. Meno ya binadamu. Macho madogo, miguu mirefu ya mtu. Watoto wakaogopa, watu wazima wakawaka mtandaoni siku nzima, na baada ya siku chache dairekta Jeff Fowler akasema tumewasikia, tutabadilisha. Filamu iliyokuwa itoke Novemba ikasogezwa mpaka Februari 2020, Sonic akachorwa upya, macho makubwa, uso wa mviringo, glavu nyeupe, akarudi kuwa yule tunayemjua, na filamu ikaingiza zaidi ya dola milioni 300. Kila mtu anaisimulia hii kama hadithi tamu ya mashabiki kusikilizwa. Na mimi nilifurahi, sikatai. Lakini fikirieni upande wa pili, kila shoti aliyokuwemo ilibidi ifanyiwe kazi tena, kuna watu walikaa usiku kwenye viti vyao wakibadilisha meno ya Sonic fremu kwa fremu, na studio moja ya Vancouver iliyofanya kazi kwenye filamu ile ilifungwa Desemba 2019, filamu haijafika hata kwenye ukumbi. Sisemi ilifungwa kwa ajili ya Sonic. Nasema wale watu walirudi nyumbani bila kazi na hatukuwapigia kelele hata robo ya zile tulizopiga kuhusu meno. Yule aliyechora Sonic wa kwanza hakuamka asubuhi akaamua kutisha watoto, kuna mtu juu yake alisema nataka aonekane wa kweli. Neno kweli linasababisha mabaya mengi sana kwenye hii kazi.

Na kuna kelele nyingine ambazo siko nazo kabisa. 2019 ilipotangazwa kwamba Halle Bailey ndo atakuwa Ariel, yule nguva, kwenye The Little Mermaid, binti alishambuliwa miaka karibu minne mpaka filamu inatoka 2023, kwa rangi ya ngozi yake, na waliokuwa wanamshambulia walikuwa wanasema wanalinda utoto wao. Hapana. Ukiiangalia ile filamu, yule binti ndo kitu kilicho hai kuliko vyote mle ndani, ana uso, anaimba na shingo yake yote, wale samaki wa kompyuta pembeni yake ndo wenye macho ya samaki wa barafuni. Anayependa katuni kweli alitakiwa amlilie yule samaki mdogo wa njano aliyekuwa anacheka na kuogopa 1989, sasa hana uso. Nimewaona wasichana wadogo wakimwangalia Halle Bailey kwenye skrini midomo wazi, na mtu mzima anayeumizwa na hilo sina la kumwambia.

Hadithi kubadilishwa nalo ni gumu zaidi kuliko watu wanavyolifanya. Lilo & Stitch ya 2025 imeuza sana, imepita bilioni, Chris Sanders yule yule aliyemuumba Stitch, kile kiumbe kilichotoka anga za mbali, karudi kuwa sauti yake, na Stitch mwenyewe kabaki na masikio yake na macho yake, hapo sina neno. Ila mwisho umegeuzwa, dada mkubwa Nani anaondoka kwenda kusoma na Lilo anabaki na jirani. Watu wakagawanyika. Wapo walioona katuni ya 2002 ilikuwa inahusu madada wawili kutoachana, na sasa wameachana. Wapo walioona mbona msichana wa miaka ile alibebeshwa mzigo wa mzazi na hakuna aliyemuuliza anataka nini. Mimi nina kaka aliyenilea nusu, kwa hiyo nilipoiona nilivutwa pande zote mbili, na nikamuuliza yeye, akanijibu kwamba angeenda kusoma lakini angekuwa anapiga simu kila siku. Nimeiacha hapo.

Sasa mnaniuliza, wewe ukiitwa kesho ukafanye mojawapo ya hizi utakataa? Sitakataa. Nitaenda na nitaomba kitu kimoja kabla ya kusaini, nionyeshwe mtu au kitu kitakachobeba ile chumvi. Kama ni mnyama, niruhusiwe nyusi. Wakisema mnyama wa kweli hana nyusi nitawaambia mnyama wa kweli pia haongei Kiingereza na hilo mmelikubali bila shida, mbona mnakwama kwenye vinywele viwili?

Binti yangu sasa ameanza kuchora. Anachora paka zaidi. Ana daftari zima la paka waliokasirika, na kila paka ana nyusi, wala sikumfundisha.

Nimebakiwa na kama dakika kumi, kwa hiyo yule anayesimamia taa naomba uzizime hizi za mbele tu, za mlangoni ziache watu wasijikwae. Nitaweka vipande viwili, vyote ni pale pale korongoni baada ya vumbi kutulia, tunaanza na cha 1994 alafu cha 2019. Sauti nimezima, hamtasikia muziki wala kilio, msidhani spika zimeharibika. Mwangalieni mtoto tu, kuanzia pale anapomvuta baba yake sikio. Na kaka yangu yuko pale safu ya tatu, amekuja leo, rimoti nimeishika mimi.